Hesabu Niliyoiacha Kwenye Tisa

Nandagala

Gaspari, mtani wangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, kwa kuwa nilikuwapo ulipoteremshwa, na yangu utaipata humu. Basi naanza na lawama. Umeondoka bila kupigana nami, na kwa desturi ya ulingo asiyefika ndiye aliyeshindwa.

Jana, siku ya arobaini, ndugu zako waliondoa tanga. Nilitoka Nachingwea leo asubuhi kwa lori la korosho, nimefika nyumbani, nimeoga, nimeketi mezani. Barua hii naiandika mara ya pili. Ya kwanza niliichana, maana ilikuwa na maneno mengi ya huzuni na ungeicheka. Wewe uliniandikia barua miaka yote hii bila kuweka nukta hata moja, lakini hukupata kuniandikia neno la kulia.

Uliniomba jambo moja tu kabla ya kufa, nami niliogopa kulitenda. Nimelitenda. Nataka ulisikie kwangu mimi, si kwa wengine watakaokuja huko na kutia chumvi. Ila siwezi kulieleza bila kuanzia kwa Bwana Kengele.

Wewe Mngoni, mimi Mmwera. Babu zako waliwavamia babu zangu, na vita ilipokwisha tukarithishwa matusi ya kuchekesha, ruhusa ya kunyang'anyana kuku, na wajibu wa kuzikana. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Mtoto wa miaka mitano hapa Nandagala anajua kwamba mtani akikutukana mama yako, unamkaribisha chakula. Bwana Kengele hakujua. Kila nilipokumbuka hivyo wakati wa tanga lako nilicheka peke yangu, na shangazi yako akadhani nimepatwa na homa.

Ulikuja kutoka Songea kuendesha katapila, miaka ile pori la Nachingwea lilipokuwa likiangushwa ili palimwe karanga. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka vitani na mambo mawili niliyofundishwa jeshini: kuandika vizuri na kupiga ngumi. Hakuna aliyeniweza Ruangwa nzima, kuanzia Malolo hadi Matambarale. Hakuna aliyekuweza wewe kambini kwenu Nachingwea. Watu wakaanza kusema, kama watu wasemavyo, kwamba wawili hawa lazima wakutane.

Huyo aliyejipa kazi ya kutukutanisha alikuwa msimamizi wa stoo ya vipuri, mtu wa ng'ambo, ambaye kila Jumamosi aliandaa masumbwi kwa faida yake mwenyewe. Tulimwita Bwana Kengele kwa sababu kengele ya ulingo aliifungia sandukuni mwake, wala hakuruhusu mtu mwingine aipige. Kiswahili alikijua cha kuamrisha tu. Wapiganaji wake walilipwa sahani ya wali na chupa ya soda, na aliyevunjika pua aliongezewa soda ya pili.

Unakumbuka siku ya gulio pale Ruangwa? Alikuja nawe katika lori kubandika matangazo. Mimi nilikuwa nanunua chumvi. Ulishuka ukapaza sauti mpaka wauza mihogo wakageuka:

"Wewe Mmwera! Chumvi ya nini? Babu yako alikula majani matupu pangoni kila alipomsikia babu yangu anakohoa!"

Nami nikakujibu kwamba babu yako alikuja na ngao ya ngozi, njaa ikamshika, akaichemsha akanywa mchuzi wake, ndiyo maana wajukuu wake wamezaliwa na kwato. Ukanitia kidole chini ya pua. Ukaninyang'anya chumvi, ukaitia mfukoni, nami nikakuacha uende nayo, kwa sababu ilikuwa haki yako. Gulio zima lilicheka. Yule bibi wa ufuta alikaa chini akajifuta machozi kwa kanga.

Bwana Kengele alikuwa ndani ya lori, kioo kimeteremshwa, penseli mkononi. Hakuelewa maneno. Aliona kidole, aliona chumvi imechukuliwa kwa nguvu, akaona kwamba sikuidai. Akafikiri amegundua watu wawili wasioweza kunywa maji ya kisima kimoja. Uso wake uling'aa kama sufuria mpya. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ushindi wetu wote ulizaliwa humo.

Siku ya tatu yake alinifuata Nandagala. Alisema, "Mwenzako amekwisha kukubali shilingi ishirini. Ukikataa, namwita mtu wa Lindi." Raundi kumi kwa shilingi ishirini, Gaspari, na watu wangelipa kiingilio kutoka vijiji vyote! Nilijua kuwa amenipunja. Nilijua pia kuwa nyumba ya mama inavuja na masika yako karibu. Nilijiambia kwamba, ikiwa Mngoni ameshajiuza rahisi, kukataa kwangu hakutasaidia kitu. Nikatia saini kwa mwandiko mzuri sana. Sijapata kuandika jina langu vizuri kama siku ile, na sijapata kulionea haya jina langu kama wiki iliyofuata.

Jumapili ukaja kwa baiskeli, vumbi hadi nyusini. Uliingia uani bila hodi ukamkamata jogoo wangu mwekundu. Mama hakukuzuia. Alisema, "Mchukue, Mngoni. Anatuamsha kabla Mungu hajaamka." Ukamweka kwapani ukasimama mbele yangu. Kwa mara ya kwanza nikaona kuwa hucheki.

"Nimekuja kuchukua fidia," ulisema. "Umekubali ishirini, sasa na mimi nabanwa nikubali ishirini."

"Mimi? Wewe ndiye uliyekubali kwanza."

"Nani amekwambia?"

Hatukuhitaji kumtaja. Ukaketi juu ya kinu cha mama, jogoo angali kwapani. Kisha ukaniuliza kama nimetia saini. Nikasema ndiyo. Nilingoja unitukane tusi la kweli, lile lisilo la utani, maana nilistahili. Uliniangalia mbavuni, ukamwangalia jogoo, ukasema, "Mmwera, umejiuza kwa bei ya huyu." Hapo ndipo ulipocheka. Mama akamchinja, na ukala firigisi yangu.

Shauri tulilolifanya siku ile lilikuwa lako, nami nakupa haki yako kwa maandishi. Ulisema Bwana Kengele asijue kwamba tumeonana. Kwamba tuendelee kutukanana hadharani, tena tuzidishe. Na kwamba siku yenyewe tuingie ulingoni tumevaa glovu kama watu wazima. Nilikuuliza, "Halafu?" Ukasema, "Halafu tukae kitako."

Majuma mawili yale ndiyo niliyocheka kuliko yote maishani mwangu. Ulinitumia salamu kwa madereva kwamba umeninunulia sanda fupi kwa sababu miguu yangu haifai kuzikwa. Nami nikatuma Nachingwea kinu kibovu, nikasema ni cha kuyasagia meno yako uyanywe na uji. Kila mtu kutoka Nandagala mpaka kambini alijua kuwa huo ni utani wa kawaida. Bwana Kengele peke yake aliandika tangazo jipya kwa herufi nyekundu: MAADUI WAKUBWA. Watu walilisoma wakakohoa kwa adabu.

Siku ikafika. Ulingo ulisimamishwa kwenye uwanja wa kambi, nguzo zake mabomba ya chuma, kamba zake za kuvutia magogo. Jua la saa tisa alasiri. Malori yalileta watu mpaka yakakosa pa kusimama. Walipigana kwanza wapiganaji wake wanane wa wali na soda. Nakumbuka yule mpishi wa kambi aliyepasuka nyusi, akashuka ulingoni akishika damu kwa kiganja, akapewa chupa yake ya soda, naye akaitazama tu.

Kisha tukapanda. Mwamuzi alitugusanisha glovu. Bwana Kengele akapiga kengele kwa mkono wake.

Nikaketi upande wangu. Ukaketi upande wako. Tukakunja miguu tukatazamana.

Mwamuzi aliinama akaniuliza kama naumwa. Ndipo ukaanza, kwa ile sauti yako ya kushindana na katapila: "Wamwera, poleni! Bingwa wenu kachoka kabla sijamgusa. Kazoea kukaa pangoni!" Nami nikajibu. Ukajibu. Watu wakaelewa, kicheko kikaanzia kwa wanawake waliokuwa karibu na malori kikaja kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Bwana Kengele alipiga kengele. Tukatukanana raundi ya pili. Akapiga tena. Tukaingia ya tatu. Aliipiga mpaka ulimi wa kengele ukachomoka ukaangukia miguuni pako, nawe ukauokota kwa glovu mbili, ukauinua juu ukasema, "Mnaona? Hata hii imekataa kazi!"

Aliingia ulingoni na karatasi mkononi. Alipiga kelele kwamba nimetia saini. Nikasimama. Niliogopa kuliko nilipokuwa vitani, kwa sababu aliyoyasema yalikuwa kweli. Nikasema kwa sauti ya kufika nyuma: "Saini ni yangu. Sikanushi. Lakini waambie watu hawa maneno uliyonieleza kabla sijaitia. Sema uliyoniambia kuhusu Gaspari, na uliyomwambia Gaspari kunihusu mimi." Akatutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, na nikaona fahamu zikimwingia polepole kwamba hatukuwa maadui, hatukupata kuwa, na kwamba katika uwanja ule wote hakuna mwingine aliyepata kufikiri hivyo.

Wewe ndiye uliyetaja masharti. Malipo yaandikwe ubaoni, mlangoni, kabla mtu hajanunua tiketi, yasomwe kwa sauti, na wanaokutana walipwe sawa. Na wale wanane walipwe leo, fedha, si soda. Yule mpishi akapanda ulingoni na nyusi yake akaketi karibu nami. Mwingine akapanda. Wakawa wanane, wote wamekaa kitako. Watu wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja. Bwana Kengele aliwalipa kabla jua halijazama, kutoka kwenye kile kile kisanduku cha kengele. Siku ya Jumatatu ubao ulikuwa umesimama mlangoni, na mwandiko uliokuwa juu yake ulikuwa wangu.

Pambano letu likaahirishwa, kwa malipo ya haki. Halikufanyika. Karanga zilikataa ardhi ile, kambi ikapungua, na Bwana Kengele akaondoka na sanduku lake bila kuaga. Baadaye watu wa Ruangwa walituandalia tena, mvua ikaja ikazing'oa nguzo. Mara ya mwisho, ukiwa sasa dereva wa lori, hendeli ya kuwashia injini ilirudi nyuma ikakuvunja kifundo cha mkono wa kulia, siku nne kabla ya pambano. Uliniletea habari kwamba uko tayari kunipiga kwa wa kushoto. Nikakujibu kwamba sipigani na nusu ya Mngoni. Mimi nikaenda kusomea ualimu. Wewe ukabaki na lori lako. Tangu hapo, popote walipotuuliza nani angeshinda, wewe ulisema wewe, na mimi nilisema mimi.

Niliposhika chaki niliacha utani wa hadharani. Nilijiambia kwamba mwalimu anayechekwa sokoni hatasikilizwa darasani. Uliponitania njiani niliinua kofia nikapita. Ulivumilia miaka yote hiyo, na leo nakiri kwamba nilikosea. Heshima niliyoilinda hivyo haikuwa na joto.

Nilipokuja kukutazama wodini ulikuwa umekonda, mikono imebaki mifupa na vifundo. Ulinishika shati. "Siku ya kunizika," ulisema, "usije na uso wa mwalimu. Njoo na mdomo wako." Niliahidi. Kisha kwa siku kumi na moja sikupata usingizi mzuri, nikijiuliza nitawezaje: wazazi wa wanafunzi wangu watakuwapo, na padri wenu, na shehe wetu atakayefuatana nami. Watasema mwalimu amerukwa na akili mbele ya jeneza.

Sasa sikiliza, kwa maana hukuona.

Walipokutoa nyumbani kwako wanaume sita walikubeba. Skola mkeo alikuwa nyuma akiwa ameshikiliwa. Nilikuwa nimesimama pembeni, nimevaa kanzu, na ndani ya kikapu nilikuwa na zile glovu za kambini, ngozi imekauka kama samaki. Jeneza likanikaribia. Sikusogea. Likanikaribia zaidi, nikaona kwamba nisipofanya sasa sitafanya tena. Nikazivaa, nikaruka katikati ya njia, nikakunja ngumi.

"Huyu hapiti!" nilipiga kelele. "Ananidai pambano, au mimi namdai, sikumbuki, lakini hapiti! Miaka yote amenikimbia. Kwanza kavunja mkono makusudi. Sasa kaamua kufa! Wangoni, hivi ndivyo mlivyo? Mkiona Mmwera mnajifungia sandukuni?"

Kisha mjomba wako, yule mzee wa fimbo, akaangua kicheko, na msiba wote ukacheka nyuma yake, watu wakicheka huku machozi yanawatoka. Shehe wetu alifunika uso kwa kitabu chake, mabega yakamtikisika. Wabebaji walikuteremsha chini kwa sababu walishindwa kukushika. Nikasimama juu yako kama mwamuzi anavyosimama juu ya aliyeangushwa, nikainua mkono nikaanza kuhesabu.

Moja. Mbili. Tatu. Uwanja, maana sasa palikuwa uwanja, ukahesabu nami. Nne. Tano. Wapo waliokuwa pale siku ile tulipokaa kitako. Yule mpishi alikuwapo, kovu lake nyusini, naye alihesabu kwa sauti kuliko wote. Sita. Saba. Nane. Kila mtu alijua kwamba nikifika kumi nimeshinda, na nilikuwa nimeusubiri ushindi ule maisha yangu yote.

Tisa.

Mkono wangu ulikuwa juu. Wakaningoja. Nikakitazama kifuniko, Gaspari.

Kumi sikuitaja.

Nikauteremsha mkono nikasema, "Mpeni muda. Mngoni huyu huchelewa." Wala hapo hawakucheka. Skola alinijia. Desturi inataka mtani alipwe ndipo aachie njia, nami nilidhani atanipa senti. Aliingia uani, akarudi na jogoo, mwekundu, mkubwa, akaniwekea kwapani juu ya glovu zangu. Alisema, "Alikuwa akisema anadaiwa." Nikasogea pembeni. Ukapita.

Hakuna aliyesema mwalimu amerukwa na akili. Juma lililofuata darasani, kijana mmoja wa nyuma alinitazama akatabasamu, nami sikumkaripia. Wananisikiliza kuliko zamani.

Habari nyingine ni hizi. Jumamosi iliyopita palikuwa na masumbwi Ruangwa. Ubao ulisimamishwa mlangoni, si ule wetu, ule uliliwa na mchwa, lakini sharti ni lile lile, na wasiojua lilikotoka walilitimiza kama jambo la siku zote. Waliniomba nisome malipo. Nilisoma jina la wa kwanza na fedha yake, jina la wa pili na fedha yake, zikiwa sawa, na sauti yangu ilifika nyuma. Hakuna aliyepigana kwa soda. Nilisimama pale mlangoni kama mtu aliyevishwa mkanda wa ubingwa, Gaspari, na nusu ya mkanda ule ni yako.

Jogoo wako yuko hapa uani. Anawika kabla Mungu hajaamka. Mama angemchukia.

Nakuahidi mambo haya. Nitakuja Nachingwea kila mwaka kupalilia kaburi lako, na nitakutukana nikiwa nalipalilia, kwa sauti, mchana, mbele ya mtu yeyote atakayepita. Uso wa mwalimu nitauacha shuleni. Na wakiniuliza ni nani angeshinda, nitajibu kama nilivyojibu siku zote: mimi.

Kama unabisha, inuka. Bado niko kwenye tisa.

Mtani wako,
Hassani